Umeovakloki prosesa, sasa saa ya kompyuta inakimbia: namna ya kumkamata mchawi

Kuovakloki ni kupandisha kasi ya prosesa kupita ile ya kiwandani. Swali lake huja kwa sura nyingi lakini ni lilelile. "Kaka, nimepandisha kasi ya prosesa, gemu linaenda poa, ila saa ya kompyuta iko mbele dakika kumi." Au: "Sauti inakwaruza kila nikifungua video." Au: "Tovuti ya benki inaniambia si salama, na juzi ilifunguka vizuri tu." Wanaouliza wako Sinza, Mbagala, Tabata. Wengi wamenunua mashine iliyokwisha tumika pale Kariakoo, wakaangalia video mbili za YouTube, wakaingia BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) usiku wa manane. Nimechoka kujibu mmojammoja kwa WhatsApp, kwa hiyo naandika mara moja, na ukiniuliza tena nitakutumia hii.

Neno la kwanza: usiguse BIOS tena mpaka umepima. Saa inayokosea ina tabia, na hiyo tabia ndiyo inayokutajia mwizi. Nimeona mtu anabadilisha mazabodi (bodi kuu) nzima wakati shida ilikuwa betri ndogo ambayo kwa kawaida haifiki bei ya sahani ya chipsi mayai.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye saa inayojiweka yenyewe kutoka kwenye mtandao. Hiyo ndiyo rula yako.
- Karatasi na kalamu. Usitegemee kichwa.
- CPU-Z na HWiNFO, programu za kusoma kasi na hali ya prosesa, zote za bure.
- Flashi yenye MemTest86, programu ya kupima RAM.
- Betri mpya ya CR2032, ile ya duara ya kwenye mazabodi, na bisibisi ya nyota. Ukiwa na mita ya kupimia volti, vizuri zaidi.
- Nakala ya kazi zako kwenye diski ya nje. Hili si pambo, sababu nitaieleza kwenye hatua ya 6.
- UPS, au angalau jioni ambayo umeme umetulia. Ukiwa kwenye kuapdeti BIOS halafu umeme ukakatika, mazabodi inaweza kufa papo hapo, na mwongozo huu hautakufaa tena.
- Siku mbili na usiku wake. Vipimo vingine havitaki haraka.

Nadharia kidogo tu

Ndani ya kompyuta hakuna saa moja. Ipo saa ndogo inayoishi kwa betri: kristali yake hupiga mara 32,768 kwa sekunde, hata mashine ikiwa imezimwa. Ovakloki haiigusi. Ukiwasha kompyuta, Windows huisoma saa hiyo, kisha huendelea kuhesabu yenyewe kwa vihesabio vingine, hasa kile kilichomo ndani ya prosesa, kinachoitwa TSC.

Kasi ya prosesa nayo ni mapigo ya msingi, BCLK, kwa kawaida 100 MHz, yakizidishwa kwa kizidishi. 100 mara 45 unapata 4500 MHz. Ukipandisha kizidishi tu, kwenye prosesa za miaka hii TSC haitikisiki. Ukigusa BCLK wakati Windows imekwisha kuwaka, hasa kwenye mashine za zamani, ni kama fundi cherehani ambaye tepu yake imevutika: anahesabu sawasawa kabisa, ila suruali haikutoshi.

Nadharia imeisha.

Hatua

1. Waondoe wasio na hatia

Kama saa imekosea kwa saa tatu kamili, si zaidi wala si pungufu, acha prosesa yako ipumzike. Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa, mwaka mzima, wala hatubadilishi saa kwa majira. Mashine yenye Windows na Linux pamoja hugombana hapo: Linux huiandika saa ya betri kwa UTC, Windows huisoma kama saa ya Dar. Ukitoka Linux kuingia Windows, unarudishwa nyuma saa tatu. Kwenye Linux andika `timedatectl set-local-rtc 1`, ugomvi umekwisha. Linux itakulalamikia kidogo, iache ilalamike.

Na kama tofauti ni saa sita kamili, samahani, hiyo si hitilafu. Kompyuta ikisema 2:00 PM na mama akasema saa nane, wote wawili wako sahihi. Nacheka, lakini nimeshaulizwa.

2. Zima usawazishaji wa saa

Nenda kwenye mipangilio ya saa ya Windows, uzime "Set time automatically". Kosa la kwanza la wanaoanza liko hapa: wanapima saa ambayo mtandao unairekebisha chinichini, wanaona iko sawa, kesho imekimbia tena. Huwezi kupima homa ya mgonjwa aliyekwisha meza panadol.

3. Pima kwa saa nzima, mashine ikiwa imewaka

Weka saa ya kompyuta sawa na ya simu mpaka kwenye sekunde. Andika. Fanya kazi zako za kawaida kwa dakika 60, usiiache ilale. Kisha linganisha tena.

Anayetaka usahihi zaidi afungue dirisha la amri (Command Prompt) aandike:

`w32tm /stripchart /computer:time.windows.com /samples:5 /dataonly`

Itakupa tofauti kwa sekunde na vipande vya sekunde. Ifanye mwanzo, uifanye tena baada ya saa moja. Usihangaike na alama ya kujumlisha au kutoa. Tazama tofauti imekua kwa kiasi gani.

Sasa soma tabia yake:

Tofauti ya sekunde moja au mbili kwa siku nzima ni kawaida ya kristali. Iache.

Sekunde 36 kwa saa ni asilimia 1. Sekunde 108 kwa saa ni asilimia 3. Ukiona namba ya aina hii, inayokua taratibu bila kurukaruka, kumbuka uliweka BCLK ngapi. Uliweka 103? Basi umeshapata jibu, nenda moja kwa moja hatua ya 5.

Saa inayoruka, yaani dakika 20 iko sawa halafu ghafla imebaki nyuma sekunde kadhaa, hiyo si BCLK. Mashine ilikuwa inaganda vipande vipande. Hatua ya 8 ni yako.

4. Pima ikiwa imezimwa

Ingia BIOS, weka saa sawa na simu, hifadhi, zima. Kisha chomoa waya ukutani. Usisahau hili la kuchomoa: mashine ikiwa bado kwenye soketi, mazabodi hupata umeme mdogo unaoitunza saa, na betri iliyokufa inaweza kujificha miezi. Ndiyo maana wengi wetu tunaigundua siku umeme umekatika usiku kucha. Asubuhi tunasema "ovakloki imeharibu saa", kumbe betri ilikuwa marehemu siku nyingi.

Asubuhi washa, ingia BIOS moja kwa moja kabla ya Windows, linganisha na simu. Kama imebaki nyuma au imerudi kwenye tarehe ya miaka mingi iliyopita, badilisha CR2032. Kwa mita, betri mpya husoma volti 3 na kidogo. Ikiwa chini ya 2.7, itupe. Kuwa mwangalifu na kitu kimoja: betri ikifa, mazabodi nyingi husahau pia mipangilio yako ya ovakloki, kwa hiyo ipige picha skrini ya BIOS kabla ya kuitoa.

5. Isome BCLK yenyewe

Fungua CPU-Z, tazama "Bus Speed". Ukiona 99.8 usiogope. Mazabodi nyingi huyumbisha mapigo kidogo makusudi ili kupunguza mwingiliano wa redio, na wastani wake hushuka chini ya 100. Ukiona 101, 102, 103, jiulize nani aliweka. Kama si wewe, ni kitufe cha "ovakloki ya moja kwa moja" cha mazabodi, au mwenye mashine wa kabla yako. Vitu vya Kariakoo huja na historia zake.

6. Rudisha BCLK 100, fanya kazi kwa kizidishi

Hii ndiyo hatua inayoponya wengi, kwa hiyo isome taratibu.

Kwanza ondoa kila programu inayopandisha kasi ukiwa ndani ya Windows: Intel XTU, Ryzen Master, na ile iliyokuja na mazabodi. Zote. Si kwamba ni mbovu. Shida ni kwamba Windows hujipangia hesabu za muda inapowaka, na programu ikibadilisha mapigo baada ya hapo, hesabu zile zinabaki za zamani. Jambo hili si la wachezaji wa mtaani tu. Mwezi Agosti 2013, HWBOT, wanaotunza rekodi za dunia za kuovakloki, walikataa matokeo yaliyopimwa kwenye Windows 8 kwa sababu hii hasa: mtu alikuwa anaweza kubadilisha BCLK akiwa ndani ya Windows, saa ikachelewa, na jaribio likaonekana limekwisha haraka kuliko ukweli.

Pili, ingia BIOS, weka BCLK 100.00 kwa mkono, usiache "Auto". Kasi unayoitaka itafute kwa kizidishi. Kwa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K na mazabodi inayoruhusu, kwa kawaida zile za Z. Ryzen, yaani prosesa za AMD, nyingi ziko wazi, mradi mazabodi isiwe zile za bei ya chini kabisa. Kama prosesa yako imefungwa kizidishi, na ndiyo sababu ulikimbilia BCLK, ushauri wangu ni uache. Utapata asilimia mbili tatu za kasi, jicho halizioni.

Tatu, na hapa ndipo ile nakala ya kazi zako inapoingia: kwenye mashine za Intel za zamani, kabla ya kizazi cha 6, BCLK haiendeshi prosesa peke yake. Inavuta pia njia za kadi na za diski. Ukiizidisha, faili zinaweza kuharibika kimyakimya, utajua siku ya kufungua.

Nne, zima kweli. "Shut down" ya Windows kwa kawaida si kuzima kamili, inalaza moyo wa mfumo kwenye diski ili uwake haraka kesho. Andika `shutdown /s /t 0`, subiri taa zizime, ndipo uwashe. Kisha rudia hatua ya 3.

Dogo mmoja wa Mbagala anayerekodi video za gemu aliniletea Core i5 ya kizazi cha 3. Kila video ya nusu saa, mwishoni picha na sauti yake vilikuwa vimeachana sekunde 18. Alikuwa amekwisha nunua maikrofoni mpya. Piga hesabu: sekunde 18 ndani ya dakika 30 ni asilimia 1 kamili. Programu moja ilikuwa inaweka BCLK 101 kila Windows inapowaka. Kadi ya sauti ina kristali yake, haikuwa na habari, ikaendelea na mwendo wake. Tuliifuta programu, tukazima, tukawasha. Maikrofoni aliibakiza, nayo ilikuwa nzuri kweli.

7. Futa amri ulizonakili

Kuna uganga wa mtandaoni unaosema uilazimishe Windows itumie kihesabio cha HPET ili "gemu liwe laini". Mara nyingi matokeo ni kinyume, kwa sababu kukisoma kihesabio hicho ni polepole kuliko TSC. Fungua dirisha la amri kama msimamizi:

`bcdedit /deletevalue useplatformclock`

`bcdedit /deletevalue useplatformtick`

`bcdedit /deletevalue disabledynamictick`

Ikijibu kwamba haikukikuta kipengele, maana yake hukuwahi kukiweka. Hongera. Ristati.

8. Angalia kama mashine imetulia kweli

"Inawaka na gemu linacheza" si uthibitisho. Fungua Event Viewer, kwenye kumbukumbu za System tafuta WHEA-Logger. Tukio namba 19 ni kosa lililorekebishwa. Wengi hulidharau, lakini kila kosa la aina hiyo ni prosesa inakwambia imefika mwisho wa pumzi. Namba 18 ni mbaya zaidi.

Halafu RAM. XMP na EXPO, ile mipangilio ya BIOS ya kuipa RAM kasi ya juu, nazo ni ovakloki, hata kama ni kubofya mara moja. Acha MemTest86 ipige mizunguko minne usiku kucha. Kosa moja tu ni kosa. Usiniambie "ni moja tu kaka".

Wakikuta makosa, wengi wanaoanza hukimbilia kuongeza volti. Mimi nasema punguza kizidishi kwa moja kwanza. Miongozo mingi unayoisoma imeandikwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kidogo. Chumba chako cha Temeke mwezi wa pili, mchana, feni ikisukuma hewa ileile ya moto, kinaweza kuwa 32 au zaidi, na joto la prosesa hupanda karibu sawa na joto la chumba. Kilichotulia kwa mwenzako wa Ulaya kwa nyuzi 85, kwako kinagonga 97, na prosesa nyingi za Intel hujikata kasi zikifika 100. Jaribio la uthabiti lifanye saa nane mchana, si saa tisa usiku. Kama ni lazima uongeze volti, panda kwa 0.01 hadi 0.025, si zaidi kwa mara moja.

9. Kwa wenye Ryzen: kasi ya kwenye skrini si kasi ya kweli

Ukiinyima volti, Ryzen mara nyingi haigandi. Hunyoosha mapigo, inafanya kazi kidogo huku ikionyesha namba ileile kubwa. Kwenye HWiNFO linganisha "Core Clock" na "Core Effective Clock" ukiwa umevipa kazi nzito viini (cores) vyote vya prosesa. Zikiachana kwa MHz mia na zaidi, umepunguza volti mno. Rudisha kidogo, utaona alama za jaribio zinapanda ilhali MHz hazijabadilika.

10. Washa tena usawazishaji

Watu husahau hili. Washa "Set time automatically", bonyeza "Sync now", endelea na maisha.

Bado inasumbua?

*Tovuti zote zinasema si salama.* Tarehe imekosea, na vyeti vya tovuti hukaguliwa kwa tarehe. Weka tarehe kwa mkono kwanza, kwani wakati mwingine Windows hukataa kusawazisha ikikuta pengo kubwa mno.

*Sauti inakwaruza lakini saa iko sawa.* Si saa. Endesha LatencyMon, programu inayoonyesha draiva inayochelewesha mashine, kwa dakika kumi. Mara nyingi utakuta draiva ya Wi-Fi au ya kadi ya picha. Iapdeti, au tumia waya wa mtandao ujaribu.

*Skrini ya bluu yenye CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT.* Jina linadanganya. Saa ya ukutani haihusiki: kiini kimoja cha prosesa kiliitwa hakikuitika kwa wakati. Baada ya ovakloki, karibu kila mara ni volti ndogo au kasi kubwa. Shusha kizidishi.

*Shida inatokea mashine ikiamka usingizini tu.* Baadhi ya mazabodi hazirudishi mipangilio yote baada ya kulala. Tafuta BIOS mpya ya modeli yako hasa. Ikishindikana, zima usingizi, tumia kuzima kamili.

*Haiwaki kabisa baada ya kubadilisha.* Chomoa umeme, tafuta pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS, ziunganishe kwa ncha ya bisibisi sekunde kumi. Kama huzioni, toa betri kwa dakika tano. Usifanye hivyo waya ukiwa ukutani, hata kama fundi fulani alifanya mbele yako na hakufa.

*Natumia Linux.* Andika `cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource`. Ikijibu hpet au acpi_pm (vihesabio vya akiba) badala ya tsc, angalia `sudo dmesg | grep -i tsc`. Ukikuta imeandika kwamba tsc ni "unstable", mfumo umeshagundua tepu imevutika na kuitupa. Rudi hatua ya 6.

*Kila kitu kiko sawa ila gemu moja la zamani linakimbia kama lina mashetani.* Magemu ya enzi za DOS, mfumo wa kabla ya Windows, mengine yalipima muda kwa kasi ya prosesa yenyewe, ndiyo maana kompyuta za wakati ule zilikuwa na kitufe cha Turbo cha kuipunguza mwendo. Prosesa yako haina kosa, wala ovakloki yako. Liendeshe ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta za enzi hizo, bonyeza Ctrl na F11 mpaka litembee kibinadamu.